Shukrani kwa fundi aliyetufungia wavu Chang'ombe

Jumamosi iliyopita timu yetu ya mpira wa wavu ya akina dada, hapa Chang'ombe, ilipokea wageni: wanafunzi wa chuo kutoka Marekani, waliokuja kucheza na klabu za Dar es Salaam. Dakika 40 kabla ya mechi, waya wa juu wa wavu ukakatika. Wavu ukalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Wageni wameshashuka kwenye basi, mimi mwalimu nimeshika kiuno.

Kaka mmoja mwenye ovaroli la gereji alikuwa anapita, akasimama. Akaukagua waya, akasema, "Huu hauungiki, mwalimu, umeliwa na kutu." Akapanda bodaboda hadi eneo la Gerezani, akarudi na waya mpya na vibano vinne. Akaupenyeza taratibu ndani ya utepe wa juu, akakaza kwa spana huku kidole kikimtoka damu. Nikamwambia wanawake wanacheza na wavu wa kimo cha mita 2.24 kutoka chini. Akapima kwa futi katikati, kisha kila upande, akalegeza na kukaza mara tatu mpaka pakalingana. Fundi mwingine angeridhika kwa macho tu.

Tulifungwa seti 3 kwa 1, lakini ile seti moja mabinti zangu hawataisahau. Nilipogeuka nimlipe, hayupo. Hata nauli hakudai.

Wenye gereji jirani na viwanja, mkiona vijana wanahangaika na nguzo, ingieni kama alivyoingia yeye.

Kaka, plaizi yako nyekundu uliisahau chini ya nguzo. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni. Njoo uichukue, na hela yako ya waya ipo.