RISALA YA DARASA LA JIOGRAFIA LA JIONI KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAHAFALI

Mheshimiwa mgeni rasmi diwani wetu, mkuu wa chuo, walimu wetu tunaowapenda hata wakichelewa kusahihisha, wazazi na walezi, waume na wake mnaojipakulia wenyewe jioni tatu kila wiki ili sisi tuje darasani, wanafunzi wenzangu, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na ambao sijawataja habari za mchana.

Kwanza samahani mheshimiwa, risala ya mwanzo iliandikwa na kamati, ilikuwa kurasa sita na kwenye ukurasa wa nne walikuwa bado wanakushukuru kwa kufika. Nikaambiwa katibu punguza, nikaona kupunguza kazi, nimeandika upya jana usiku kwenye simu ndani ya daladala kutoka Mbagala, foleni ilikuwa ya kutosha. Kwa iyo ukisikia imekaa kama meseji ya grupu ndo hivyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza 1975, Mwalimu Nyerere wazo alilichukua Uswidi ambako watu wazima walikuwa wanarudi shule bila kuonekana vituko, na sa hivi vipo 54 nchi nzima. Lakini mtaani ukisema unasoma chuo cha wananchi mtu anakuuliza umeshaanza kushona suti? Ushonaji upo, uashi upo, umeme upo, na sisi tupo, watu 23 tunaosoma masomo ya sekondari jioni, na kati ya masomo yote tuliyoyakuta hapa lililotugombanisha na kutupatanisha ni jiografia. Tuna mama anayekaanga samaki soko la Feri, tuna bodaboda, tuna mlinzi wa getini anayetoka hapa saa mbili usiku kwenda lindoni moja kwa moja, tuna dada wa kibanda cha kutuma pesa, na tuna akina mama wadogo watano ambao watoto wao mnawasikia huko nyuma. Novemba tunaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Sasa nikueleze tunavyosoma, maana ndo kiini cha risala yenyewe.

Jiografia ya sekondari ni kwa Kiingereza. Kwenye mtihani wa majaribio wa mwezi wa sita kulikuwa na swali la spring taidi, na mama wa Feri akaandika kwa ujasiri kabisa kwamba hiyo ni maji ya bahari yanayotokea majira ya machipuko. Alipata sifuri, na kiukweli Dar hatuna machipuko, tuna masika, vuli, kiangazi na umeme kukatika. Mwalimu badala ya kumcheka akamuuliza kwa Kiswahili, mama bamvua ni nini? Weeh! Mama alisimama nusu saa nzima. Akatuambia bamvua ni siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, maji yanajaa mpaka yanapita kiasi na yakitoka yanatoka mbali, mwamba unabaki wazi, ndo siku za watu kwenda kuchokoa pweza, na akatuambia siku za nusu mwezi ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, siku hizo pweza usimtafute kwa bei ya kutupa. Mwalimu akageuka ubaoni akachora jua, dunia na mwezi kwenye mstari mmoja, akasema ndo hiyo hiyo spring taidi, jua na mwezi zinavuta pamoja, na kwenye nusu mwezi zinavuta kwa pembe mraba zinapunguziana nguvu. Yani mtu anajua kitu kwa miaka kumi na tano anakipangia bei kila wiki, kisha anapewa sifuri kwa sababu ya neno. Mheshimiwa mimi hilo bado linaniuma, na sikufeli mimi.

Baada ya siku ile tukaanza utaratibu kwamba kila mada mpya kwanza mtu wa kazi inayohusiana anaongea, kitabu kinafuata. Tulipofika kwenye longitudo, ile mistari ya ramani inayotoka kaskazini kwenda kusini, na saa za dunia, akapewa mlinzi. Akasema yeye lindoni kwenye zamu ya mchana ana kijiti chake, na siku zote ameona kivuli hakiwi kifupi saa sita kamili, akadhani saa yake inaenda mbele. Tukakiandalia mtihani. Mwanzoni mwa Septemba tukasimamisha fito uwanjani hapo nje, kila baada ya dakika tano tunachora alama ya kivuli kwa chaki, kivuli kimeangukia kusini upande wa Mbagala maana jua lilikuwa kaskazini yetu, na kikawa kifupi kuliko vyote kwenye saa sita na dakika ishirini hivi. Hesabu ya ubaoni ikatoka dakika 23. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, sisi Dar tupo kwenye 39 na kidogo, kila digrii moja ni dakika nne, zidisha mwenyewe. Kwa iyo saa ya mlinzi ilikuwa sawa, ila saa ya nchi nzima ndo iko mbele ya jua letu. Tangu siku hiyo akichelewa darasani anasema anafuata jua.

Kwenye sensa tukagombana. Dar 2012 ilikuwa na watu 4,364,541 na 2022 ikawa na 5,383,728, wengine wakasema mji umeanza kupoa maana zamani ulikuwa unakua kwa kasi kuliko hapo. Bodaboda wetu akacheka, akasema mimi naishi Vikindu, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, lakini abiria wangu Dar, mafuta nanunua Dar, askari wanaonikamata wa Dar, shule Dar, yani Pwani mmehesabu usingizi wangu tu. Na kweli, nenda Vikindu, nenda Kibaha, nenda Kisarawe uone mji ulivyomwagika nje ya mpaka wake. Hilo jibu halipo kwenye kitabu chetu, kitabu chenyewe kina sensa ya 2002.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nisikuchoshe, nakuja kwenye matatizo. Mengine nayapita haraka maana kila risala inayo, taa mbili haziwaki na vyoo unavijua. Tatizo letu kubwa ni ramani.

Swali la ramani kwenye mtihani halikwepeki, na ramani ya kusomea tunayo moja, na hiyo moja ni fotokopi ya fotokopi. Ramani halisi ya 1:50,000 ina rangi, kontua, yani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ni kahawia, mito bluu, misitu kijani, barabara nyekundu, na sentimita 2 pale ni kilomita 1 huku duniani. Kwenye fotokopi yetu vyote ni vyeusi. Mto mweusi, kontua nyeusi, mpaka wa wilaya mweusi, na kuna alama moja tulibishana wiki nzima kama ni bwawa au kama mtu alimwagia chai. Mwenzetu mmoja alifuata kontua akidhani mto, akauzungusha mlima mzima bila kushuka hata hatua, akaandika mto huu unatiririka kwa duara. Hatukumcheka, tulikuwa tumeandika hivyo hivyo.

Tukaona isiwe tabu, twende tukauone mto wenyewe. Mwezi wa tano, siku mbili baada ya mvua, tulienda Vingunguti kupima Msimbazi. Vifaa vyetu vilikuwa futi ya fundi cherehani, mti wa fagio, simu ya kupimia muda, buti za mvua za kuazima na machungwa manne. Chungwa linaelea lakini sehemu kubwa inakaa ndani ya maji kwa iyo upepo hauliyumbishi kama chupa. Unapima mita 20 kando ya mto, unalirusha chungwa majini upande maji yanakotoka, unahesabu sekunde. La kwanza likanasa kwenye pampasi. La pili likanasa kwenye pampasi nyingine. Watoto wa pale wakaanza kushangilia kama mpira, na la tatu likapita, sekunde 40, watu wakaruka juu. Mita 20 kwa sekunde 40 ni nusu mita kwa sekunde, unazidisha kwa 0.8 maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na tope, unapata 0.4. Upana mita 9, kina cha wastani cha fagio sentimita 30. Jibu ni mita za ujazo moja na kidogo kila sekunde, yani mapipa matano ya lita 200 yanapita mbele yako ukipepesa jicho, na hapo mto umetulia, mtu anavuka kwa buti. Mama mmoja wa pale alituangalia akauliza nyie mnapima nini, mwaka 2011 ulikuja juu ya dirisha langu. Akatuonyesha alama ukutani. Tukaipima na yenyewe.

Mafuriko ya Desemba ile ya 2011 tunayakumbuka wote hapa, watu wa Jangwani, huko chini kwenye bonde la Msimbazi, wakahamishiwa Mabwepande. Sasa kwenye ramani ya kontua za kila mita 20 bonde la Jangwani halipitiwi na kontua hata moja, liko chini ya mstari wa kwanza, ukiliangalia pale ni tambarare tupu salama kabisa. Ndo maana wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Dar walipoingia mtaani na mradi wa Ramani Huria 2015, kata zinazofurika zikachorwa nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, na michoro ile mtu yeyote anaifungua bure kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, akiwa na bando. Sisi tumejifunzia humo.

Kwa iyo mheshimiwa maombi yetu sio makubwa na hatuombi laptopu. Tunaomba shiti saba za ramani zenye rangi, tuwe tunakaa watu watatu watatu au wanne kwenye shiti moja. Tunaomba futi ya mita 50, ile ya cherehani imevutika haiaminiki na mwenyewe anaitaka. Na tunaomba basi dogo la siku moja kabla ya Novemba, litupeleke Pugu kwenye vilima Msimbazi unakoanzia, tuufuate mpaka unapoingia baharini pale Salenda. Machungwa tutanunua wenyewe.

Sisi hatukuja mikono mitupu. Tumekuandalia ramani ya mitaro ya kata yako, tumeichora kwa miguu Jumapili sita, na hii ina rangi, penseli tulichangishana. Bluu ni mtaro unaopitisha maji, nyekundu ni ulioziba, na ile nyekundu nene inayokunjia nyuma ya soko tunajua unaijua. Kuna pembe moja huku juu kulia tumeiacha nyeupe, sio kwamba hamna mtaro, ni kwamba kuna mbwa.

Naomba kuwasilisha.