Mwanangu, hiyo ekseli usiilipie kwanza

Mwanangu,

Picha za hiyo ekseli ya nyuma ya mtumba unayotaka kununua, ule mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, nimeziona zote, nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Kilichonishtua mapema ni rangi. Ekseli imetoka kwenye gari kuukuu halafu iko nyeusi tii inang'aa, hapo mi moyo hautulii hata kidogo. Afadhali ungenitumia picha ya kutu. Kutu unaiona na macho yako, lakini rangi mpya inaficha ufa, inaficha palipochomelewa, inaficha pale oili ilipokuwa inavuja miaka yote. Sijasema muuzaji ni tapeli, labda kapenda tu vitu vyake vionekane safi, ila wewe chukua kitambaa na tochi uifuatilie inchi kwa inchi, hasa pale mirija miwili inapoingia kwenye bakuli la difu (ile sehemu ya katikati yenye gea za kugawa nguvu kwa magurudumu) na pale springi zinapokalia.

Unaikumbuka ile pikapu yetu iliyokuwa inalia? Ulikuwa mdogo, ulikaa katikati yangu na baba yako unaiigiza "uuuuu" mpaka nakufinya unyamaze. Sasa ule mlio niliununua mwenyewe kwa hela yangu. Nilienda kuchukua ekseli ya mtumba nikaiangalia tu kwa macho, nikaipiga teke kama mtu anayejua, nikalipa. Fundi kashinda nayo siku nzima anafunga, tumeingia barabarani ikifika 60 inaanza kuvuma, ukikanyaga mafuta inapungua, ukiachia inazidi. Tulipoifungua tukakuta beringi ya pinioni, ile gea ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, imelegea na meno yameliwa upande mmoja, ule unaobeba mzigo ukiachia mafuta. Muuzaji akasema alipoitoa ilikuwa nzima, basi, utamfanya nini. Kazi ya siku nzima ikarudiwa upya.

Kwa hiyo we ukifika pale anza na oili. Mwambie afungue kwanza ile nati ya juu ya kujazia, ya chini baadaye, maana ya juu ikigoma kufunguka na oili umeshamwaga mtakuwa mmejifunga wenyewe. Ikitoka nyeusi usiogope, ya zamani huwa hivyo. Ikitoka kama chai ya maziwa, hapo maji yameingia na yamekaa humo, beringi huenda zimeshaota kutu. Inuse pia, ilioungua utaijua tu. Halafu pitisha sumaku: uji uji wa kijivu laini kama masizi ni kawaida kabisa, kila difu inao, ila ukikuta vichenga unavyoweza kuvihisi kati ya vidole viwili, mshukuru mzee wa watu uondoke. Wengi oili wanamwaga kabla ya kuing'oa kwenye gari, hapo ingiza kidole kwenye tundu ukwangue chini, uchafu huwa unabaki.

Kama hiyo ni ya kifuniko cha nyuma chenye bolti kuzunguka, usikubali kununua bila kukifungua, pakingi mpya utanunua wewe. Kama ni ya kichwa kinachotokea mbele, chungulia kwa tochi kwenye tundu la oili huku mwenzako anazungusha taratibu, krauni yote, ile gea kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni, ipite mbele ya macho yako jino kwa jino, maana lililovunjika linaweza kuwa moja tu nalo lipo upande wa pili. Unataka mng'ao wa sawasawa. Vishimo kama makovu ya ndui, kingo zilizomeguka, au rangi ya bluu ya chuma kilichopata moto, hiyo siyo ya kwetu.

Sasa pinioni, hapa ndo nakuomba utumie mkono zaidi ya jicho. Shika ile flanji, sahani ya chuma yenye matundu inayofungwa propela (shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi), ivute na uisukume, ipandishe na uishushe. Isicheze hata kidogo, ikicheza namna hiyo beringi imekwisha. Ukiizungusha kushoto kulia hapo lazima icheze kidogo, meno ya krauni na pinioni yanaachiwa nafasi, mara nyingi ni kama milimita 0.1 mpaka 0.2 hivi, ila kwenye flanji utaisikia kubwa zaidi kwa sababu na zile gea ndogo za ndani zina nafasi yake. Ikiwa ngumu kama imegandishwa nayo ni mbaya, pengine mtu alibadilisha sili (ule mpira wa kuzuia oili isivuje) akaikaza nati kupita kiasi. Iangalie hiyo nati, ukikuta makovu ya patasi jua kuna mtu alishaingia humo bila spana ya maana.

Baba yako alinifundisha kingine, beba chaki upate namba ya difu, yaani flanji inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja. Weka alama kwenye dramu za breki na kwenye flanji, mwenzako ashike dramu moja isizunguke kabisa, wewe zungusha ile nyingine mara 20 huku unahesabu flanji. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, mizunguko 20 inahesabiwa kama 10, kwa hiyo flanji ikizunguka mara 41 hiyo ni 4.1, ikija kama 39 ni 3.9. (Ukigeuza dramu moja na nyingine ikageuka upande uleule badala ya kinyume, hiyo sio difu ya kawaida na huenda ikataka oili yake maalumu, uliza.) Namba ikipishana na ya gari lako gari litatembea ndio, ila injini italemewa au itapiga kelele bure, na spidomita nyingi za magari ya zamani zitakudanganya. Na ingekuwa gari la kuvuta mbele na nyuma ningekukataza kabisa, difu mbili zenye namba tofauti zinapigana kwenye lami mpaka kitu kivunjike.

Shafti za pembeni, mwombe achomoe japo moja. Mistari ya meno yake iwe imenyooka, ikianza kujisokota kama kamba imeshabebeshwa mzigo usio wake. Pale sili inapokaa pitisha ukucha, ukikwama kwenye mfereji hata uweke sili mpya itavuja tu na oili itaingia kwenye breki. Breki zenyewe usizisumbukie, sili na breki shuu tutaweka mpya hata kama zake zinaonekana nzuri.

Halafu vipimo, vichukue kwenye gari lako leo kabla hujatoka, ingia chini na tepu: flanji ya tairi hadi flanji ya tairi, kitako cha springi hadi kitako, matundu ya propela, kebo za hendibreki zinaingilia wapi. Stadi, zile bolti za kufungia tairi, ukiwa nazo tano usijidai kupima kwa macho, duara lake la milimita 114.3 na la 120 yanafanana ukiwa na haraka, beba rimu yako uijaribishe palepale. Watu watakucheka unatembea na rimu, waache wacheke.

Mirija kama imepinda ni ngumu kuiona. Shafti ni rahisi zaidi, zungusha flanji ya tairi huku umeshikilia chaki karibu na ukingo bila kutikisika, ikigusa upande mmoja tu kuna kitu kimepinda, shafti au flanji yake, na hapo hamna haja ya kutafuta ni kipi.

Ukimaliza yote hayo nipigie kwa video kabla hujatoa hela. Sitaki kuona rangi tena, nionyeshe sumaku.

Mama yako