Pikipiki ya mipigo miwili au minne? Tuambie kwanza unashukia wapi

Mteja anayefika kwenye karakana yetu hapa Mbeya kuulizia pikipiki ya njia za vumbi na matope huanza, karibu kila mara, na swali la nguvu: ipi itapanda vizuri ikiwa na gunia la viazi nyuma? Swali hilo ni la haki kabisa. Hata hivyo, kazi hii imetufundisha kumuuliza kwanza anashuka wapi, mteremko wenyewe una urefu gani, na akiishiwa petroli njiani ananunua kwa nani.

Injini ya mipigo miwili huchoma mafuta kila kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara moja, ilhali ile ya mipigo minne huchoma mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo ya kwanza, kwa silinda yenye ukubwa uleule, aghalabu hutoa nguvu zaidi, tena ni nyepesi, kwa kuwa haina valvu za kufunguka na kufunga, kamshafti ya kuzisukuma wala cheni ya taimingi ya kuizungusha. Tofauti iliyo nzito zaidi kwetu sisi watu wa milimani ni ya oili. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, inayozungushwa na pampu muda wote injini inapozunguka. Katika ile ya mipigo miwili, oili inayolainisha pistoni na kranki huingia pamoja na petroli, hufanya kazi inapopita, kisha huungua na kutoka kama ule moshi wa buluu ambao wengi wetu tunaukumbuka kwenye Yamaha AG100 na Suzuki TF125 za mabwana shamba.

Sasa chukua barabara ya Matamba kushuka Chimala, yenye zile kona 57. Dereva anaachia mafuta, anaweka gia ndogo, na injini inaendelea kuzungushwa kwa kasi na magurudumu. Katika pikipiki ya mipigo minne hiyo ndiyo namna bora ya kushuka, kwa sababu injini hushikilia pikipiki na kuzipumzisha breki. Katika ile ambayo oili imechanganywa tangini, kuachia mafuta ni kupunguza oili vilevile, na pistoni inaendelea kwenda mbio huku ikiwa karibu kavu. Tumewahi kufungua silinda ya mteja aliyeteremka hapo bila kugusa mafuta kwa muda mrefu: kuta zake zilikuwa na michirizi mirefu na ringi zimeshikana na pistoni. Alikuwa dereva mwangalifu, ila hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba baada ya kila kona chache anapaswa kukamata klachi na kuvuta mafuta kidogo mara mbili tatu ili oili ipite. Isitoshe, injini ya namna hiyo haishikilii sana kwenye mteremko, hivyo breki hubeba karibu kazi yote, na breki za zamani huchemka.

Jambo la pili ni mwinuko. Mjini Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, na Kyela iko kwenye takriban mita 500. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini yoyote isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyowekewa jeti (kitundu kinachopima petroli) ya nyanda za chini itamwaga petroli nyingi mno ikifika Kitulo, na plagi italowa na kuwa nyeusi. Hatari kubwa iko upande wa pili: jeti ndogo iliyowekwa kwa ajili ya Kitulo, ukishuka nayo hadi Kyela, huipa injini petroli kidogo kuliko hewa iliyopo, joto linapanda, na kwa injini ya mipigo miwili petroli ikipungua na oili imepungua. Injini ya mipigo minne nayo itaathirika, ila ulainishaji wake hautegemei kabureta. Mteja anayesafiri kati ya sehemu hizi mbili tunampa jeti zote mbili na kumfundisha kuzibadilisha mwenyewe.

Kuhusu uchanganyaji, tunaomba usikadirie kwa macho. Uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, na utumie oili iliyotengenezwa kwa mipigo miwili, kwa sababu oili ya kawaida ya injini huacha masizi kwenye plagi, ringi na tundu la ekzosi. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini haina oili ndani yake, kwa hiyo beba kichupa chako cha akiba.

Pamoja na hayo yote, tunaipenda pikipiki ya mipigo miwili na tunaiuza. Anayepita peke yake vijia vya Umalila au Isongole wakati wa masika atashukuru kuwa na chombo anachoweza kukiinua kutoka kwenye tope bila msaidizi, na fundi aliye makini anaweza kubadilisha pistoni na ringi kwa vifaa vichache. Lakini anayebeba abiria au mzigo kila siku na kushuka miteremko mirefu achukue ya mipigo minne. Inakula petroli kidogo kuliko ile ya mipigo miwili, na fundi wa kijijini ameizoea kwa sababu bodaboda zetu ni za aina hiyo. Yeye akumbuke tu kubadilisha oili kwa wakati na kutuletea tupime nafasi za valvu.

Ukiwa umekwisha kuona AG100 au TF125 iliyotumika, ilete tuikague kabla hujalipa. Pikipiki hizo zilitoka kiwandani na tangi dogo la oili na pampu inayojipimia oili na kuipeleka kwenye injini bila wewe kuichanganya na petroli, lakini mafundi wengine huitoa pampu ikiharibika na kuliacha tangi mahali pake, hivyo mnunuzi hujaza oili humo na kuweka petroli tupu akiamini yuko salama. Tunafungua kifuniko cha pampu kwanza, ndipo tunapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.