Safari yetu ya Pemba

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Wengi mmeniuliza Pemba kuna nini zaidi ya karafuu. Kwanza, kisiwa si tambarare kama Unguja: ni vilima na mabonde, na mabondeni ndiko kunakolimwa mpunga. Mikarafuu ilishamiri zaidi baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mingi ya Unguja. Jasho la mashamba yale lilikuwa la watumwa hadi utumwa ulipopigwa marufuku 1897. Tusipite tukinusa harufu tu.

Tukiwakuta watu wanachambua, kaeni nao jamvini. Utaona vidole vinavyotenga karafuu na makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) bila hata kutazama. Mimi nilijaribu, nikachekwa na watoto. Na dereva asikanyage zilizoanikwa kando ya barabara!

Pujini tutaona magofu ya Mkame Ndume, mtawala wa zamani ambaye husimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Kisha msitu wa Ngezi, kuwatazama popo wa Pemba, halafu mnara wa taa wa Kigomasha. Ngazi zake nyembamba, wenye kizunguzungu mbaki chini.

Nguo za heshima, tafadhali. Anayekuja aandike jina hapa chini.