Barua ya malalamiko: glasi na bia zilizoharibika njiani kutoka Brussels

Dar es Salaam,
12 Februari 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Usafirishaji wa Mizigo kwa Ndege,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA TAARIFA YENU YA UKAGUZI KUHUSU GLASI 22 NA CHUPA 24

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wakusanyaji wa glasi za bia na wapenzi wa bia za viwanda vidogo. Mzigo wetu ulikabidhiwa kwa wakala wenu mjini Brussels, tukalipia huduma yenu ya kufungasha vitu vya kuvunjika na tukatangaza thamani yake kwenye hati. Ulitufikia tarehe 3 Februari ukiwa na glasi 11 zisizofaa tena na bia ambayo karibu yote imeharibika. Mkaguzi wenu amekataa dai letu kwa sababu nne: kwamba glasi huvunjika tu, kwamba glasi mbili zilikuwa na michubuko ya zamani, kwamba glasi za matangazo hazina thamani, na kwamba bia haijafikia tarehe yake ya mwisho. Hakuna hata moja iliyo sahihi.

Tuanze na michubuko, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kutuita waongo. Glasi mbili za Duvel, bia ya Ubelgiji, zenye umbo la ua la tulipu, zilikatika mguu. Mkaguzi aliandika kuwa ndani, kwenye kitako, kuna "mikwaruzo iliyokuwepo kabla". Tunaomba mtu achukue kitako kimojawapo na akiangalie kwa tochi. Ataona herufi D. Imechongwa kiwandani kwa makusudi. Gesi ya kaboni iliyoyeyuka kwenye bia haitoki kwa urahisi juu ya kioo laini. Inahitaji sehemu ya kukwaruza ili viputo vianzie hapo. Alama ile hutoa mkufu wa viputo usiokatika, na viputo hivyo ndivyo vinavyolisha povu mpaka mnywaji anapomaliza. Mkwaruzo wa ajali hukimbia ovyo na hauandiki herufi. Na hata kama ungekuwepo, glasi hizi hazikukatika kwenye kitako. Zimekatika pale mguu unapoungana na bakuli, mahali ambapo glasi ya mguu hukatika ikiwa imelazwa ubavu bila kujazwa chochote kuuzunguka mguu.

Na ndivyo zilivyokuwa. Picha tulizopiga wakati wa kufungua boksi, ambazo tumeziambatanisha, zinaonyesha glasi zote zimelazwa, zimeviringishwa gazeti tabaka moja, na chupa za sentilita 75 zimewekwa juu yake. Glasi moja ya Kwak, bia nyingine ya Ubelgiji, ilisafirishwa ikiwa bado imechomekwa kwenye kishikizo chake cha mbao. Glasi hiyo ina kitako cha mviringo kama kibuyu, haiwezi kusimama yenyewe, na shingo yake nyembamba ndiyo inayobanwa na mbao. Boksi likitikisika, uzito wa kitako unaivunja shingo dhidi ya kishikizo. Hicho ndicho kilichotokea. Tumebakiwa na mbao.

Jambo lililotusikitisha zaidi ni glasi za Ujerumani. Ili kuokoa nafasi, mfungashaji alidumbukiza glasi mbili za Kölsch, zile nyembamba za sentilita 20 za mji wa Cologne, ndani ya glasi mbili ndefu za bia ya ngano za Bavaria. Glasi ya ngano ni pana mdomoni na inabana kuelekea chini, kwa hiyo ya ndani iligeuka kuwa kabari. Kila mtikisiko uliishindilia zaidi. Jozi moja ilipasuka njiani. Jozi ya pili tulijaribu kuiokoa kwa njia inayofaa, yaani maji baridi ndani ya glasi ya ndani ili inywee, na ya nje kutumbukizwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi ili itanuke, bila kuzungusha kwa nguvu. Zilitengana, lakini zote mbili zina ufa. Glasi nzima ukiigonga kwa ukucha inalia. Hizi zinatoa sauti iliyokufa. Glasi ya namna hiyo haifai kunywea, inaweza kuachia wakati wowote.

Nne zilizobaki katika hizo 11 hazikuvunjika. Ni glasi za mguu za Ubelgiji zenye mdomo wa dhahabu. Mfungashaji alifunga selotepu moja kwa moja juu ya kioo. Dhahabu ya mdomo wa glasi ni utando mwembamba mno, na selotepu ilipobanduliwa iliondoka nayo. Wino wa gazeti nao ulizipaka mafuta glasi nyingine 11, na mafuta huua povu. Hizo tumezisafisha kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, tukazisuuza kwa maji baridi, na tukazipima kwa chumvi: unalowesha ndani, unanyunyiza chumvi, na pale isiposhika ndipo penye mafuta. Sasa zinashika kila mahali. Hizo hatuzidai.

Kuhusu thamani. Ni kweli kwamba baadhi ya glasi hizi zilitengenezwa kutangaza bia, na nyingine zinauzwa leo kwenye maduka ya viwanda kwa bei ndogo. Kwa hizo tumedai bei ya dukani tu. Lakini glasi zenye maandishi ya zamani hazirudi dukani. Mkaguzi angeweza kuzitambua kwa dakika moja. Glasi ya kupimia vinywaji ya Umoja wa Ulaya ina mstari wa ujazo, na kwenye glasi za karibuni pembeni yake kuna alama ya CE, inayoonyesha kuwa bidhaa inatimiza kanuni za Umoja huo, na herufi M ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka. M08 ni ya mwaka 2008. Zile mbili za Kölsch hazina alama hiyo kabisa, zina mstari na ujazo peke yake, kwa sababu ni za kabla ya utaratibu huo kuanza.

Sasa bia. Kumbukumbu zenu wenyewe zinaonyesha mzigo ulishuka Dar es Salaam tarehe 24 Januari na kukaa siku kumi "uwanja wa nje" kabla ya kutolewa. Januari, Dar es Salaam, juani. Mkaguzi alisoma tarehe kwenye chupa akaona bado ina miaka, akafunga faili. Tarehe ile inahesabiwa kwa bia iliyohifadhiwa mahali pa baridi na giza. Viwandani kuna kanuni inayotumika kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ndani ya boksi lililo juani joto hupita nyuzi 32 kwa mbali.

Chupa 12 zilikuwa za Orval, bia ya watawa wa kusini mwa Ubelgiji. Bia hii ina hamira ya aina ya Brettanomyces inayoendelea kula sukari ngumu ndani ya chupa kwa miezi na miaka. Wanaoipenda huihifadhi kwa makusudi kwenye nyuzi kama 12 hadi 14 na kufuatilia ladha inavyobadilika kutoka uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kuelekea ukavu. Kwenye joto kazi hiyo hukimbia, gesi huongezeka, na msukumo hupanda. Tulizozifungua zilifoka hadi zikabaki nusu chupa, na mashapo yote yakapanda juu, ingawa tulizisimamisha na kuzipoza kwanza.

Chupa 6 za gueuze, ambayo ni mchanganyiko wa lambic (bia ya Ubelgiji inayochachushwa kwa hamira za asili) changa na ya miaka miwili mitatu, zilifika vizibo vimepanda na kubana kwenye waya, mbili zikiwa zimevuja. Kama mnadhani joto ni jambo dogo kwa bia hii, kumbukeni yaliyoipata Drie Fonteinen, watengenezaji wa gueuze wa Beersel, Ubelgiji, mwezi Mei 2009. Kirekebisha joto cha ghala kiliharibika, joto likapanda mno, maelfu ya chupa yakalipuka, na bia iliyobaki ikaishia kukenekwa kuwa pombe kali kwa sababu haikuuzika tena.

Chupa 6 za mwisho ni za kijani. Boksi lao lilichanika na likaachwa wazi. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaodhuru. Ya kijani haizuii vya kutosha. Mwanga huvunja viambato vichungu vya hopsi na kutengeneza harufu ya kicheche, na kwenye jua kali hiyo ni kazi ya dakika, si ya siku. Chupa zilizokuwa upande uliochanika zinanuka hivyo. Mbili zilizokuwa katikati, zikiwa zimekingwa na wenzake, hazinuki. Mkitaka ushahidi, linganisheni hizo.

Mmetuandikia pia kwamba msafirishaji hawajibiki kwa ufungashaji mbaya. Someni Ibara ya 18 ya Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa ndege wa kimataifa, ambao Tanzania na Ubelgiji ni wanachama. Kinga hiyo inahusu ufungashaji uliofanywa na mtu asiye msafirishaji, mtumishi wake au wakala wake. Boksi hili lilifungwa na wakala wenu, kwa selotepu yenye nembo yenu, kwa malipo yaliyo kwenye risiti yenu. Ibara ya 31 inatupa siku 14 tangu kupokea mzigo ili kulalamika kwa maandishi, na barua hii imo ndani ya muda huo. Kwa kuwa tulitangaza thamani na kulipia nyongeza, kikomo cha fidia kwa kilo hakituhusu.

Tunadai mlipe thamani ya glasi 11 na chupa 22 kama ilivyo kwenye orodha iliyoambatanishwa, mrudishe ada ya ufungashaji, na mfute maneno "mikwaruzo iliyokuwepo kabla" kwenye taarifa yenu.

Tunaomba pia mawakala wenu wapewe maelekezo yanayoeleweka. Glasi ijazwe karatasi nyeupe isiyochapishwa ndani. Mguu uviringishwe peke yake mpaka unene wake ulingane na bakuli. Kisha nailoni ya viputo mizunguko miwili au mitatu, na selotepu ishike nailoni tu. Kila glasi isimame wima kwenye chumba chake cha kadibodi. Boksi hilo liingie ndani ya boksi jingine lenye sentimita 5 za kinga kila upande, na likitikiswa lisitoe sauti. Kifurushi cha chini ya kilo 9 hupimwa kwa kuangushwa kutoka sentimita 76. Boksi letu lisingestahimili hata kuanguka kutoka kitini. Chupa zisafiri kwenye boksi lake, zikisimama, na zikifika ziingizwe ghalani kivulini siku hiyo hiyo.

Vipande vyote, vizibo, kishikizo cha Kwak na chupa ambazo hazijafunguliwa tumevihifadhi. Mkaguzi mwingine, si yule wa kwanza, anakaribishwa kuviona ndani ya siku 14 kuanzia leo. Aje na tochi.

Wenu,

Mwenyekiti na Katibu,
kwa niaba ya wenye mzigo

Viambatanisho: nakala ya hati ya usafirishaji, risiti ya ufungashaji, picha za boksi, orodha ya bei.