Barua kwa mwanangu anayekwenda Mandara

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Huku nyumbani hatujambo. Umesema wewe na wenzako watatu wa chuo mnataka kupanda mlima Kilimanjaro, kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, mwezi wa saba. Nimefurahi, na mwezi mmeuchagua vizuri: masika yamekwisha, vuli bado. Ila katika mpango ulionitumia mmeandika saa ya kutoka Moshi, hamkuandika saa ya kugeuka. Anzeni na hiyo.

Geti lipo kwenye mita 1,860 hivi, Mandara mita 2,720, na kati yake kuna kilomita 8 za msitu. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, kushuka saa mbili hadi mbili na nusu. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia. Kwa hiyo ikifika saa nane mchana, popote mlipo, mnageuka. Kubalianeni mkiwa bado Moshi, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa jasho hapendi kuambiwa arudi.

Tokeni Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Daladala zinaishia Marangu Mtoni. Kutoka hapo hadi getini ni mlima, chukueni gari au bodaboda, msimalize miguu kabla ya safari. Getini mtaandikishwa, na hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hivyo mtafuteni mapema, si asubuhi ile. Beba kitambulisho cha taifa: kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na bila uthibitisho huwezi kukidai. Msitegemee kulipa taslimu. Salio la simu liwe tayari.

Sasa nguo, maana hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mandara ipo karibu mita 1,900 juu ya Moshi. Usiipime kwa baridi ya Newala ya huku kwetu Mtwara. Na baridi yenyewe ina hila: ukitembea unasikia joto, unatoka jasho, fulana ya pamba inalowa, ukikaa dakika kumi tu, ile fulana inakutoa joto lote mwilini. Vaa fulana ya jezi, ambayo hukauka upesi, beba ya pili kavu ya kubadilisha juu, sweta, na koti la mvua hata kama anga ni jeupe. Upande huu wa kusini ndio unaopata mvua nyingi, na msitu hudondosha maji ya ukungu hata kiangazi. Jinzi acha chumbani. Ikilowa ni nzito na haikauki.

Viatu vipya usivivae siku hiyo. Vivae wiki mbili kabla, uende navyo sokoni na darasani, la sivyo malengelenge yatakuanza kabla ya nusu ya njia. Kata kucha za miguu. Wakati wa kushuka kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele ya kiatu. Wanaopuuza hurudi na kucha nyeusi. Mizizi na mawe yenye unyevu huteleza zaidi mkishuka, kwa hiyo fimbo moja moja itawafaa sana.

Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Njia mwanzoni ni pana na laini, ndiyo maana vijana huikimbilia, kisha saa ya tatu wanakaa kila kona. Maji lita mbili na nusu kila mtu, mnywe kidogo kidogo. Chakula kiwe chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na korosho. Gramu 100 za korosho zina kalori karibu 550, na ni chakula chepesi mgongoni. Kima wa Mandara wamezoea watu, msiwape kitu wala msiache mkoba wazi.

Mkifika kabla ya saa sita na nusu, msikae kula kwanza. Nendeni kreta ya Maundi, shimo la volkano ya kale, ni robo saa tu kutoka kwenye vibanda. Hewa ya joto hupanda kutoka tambarare na kugeuka mawingu, hivyo kila dakika mnayochelewa inawanyima mandhari. Pakiwa peupe mtaona kilele cha Mawenzi upande mmoja, na upande wa pili tambarare za Taveta na ziwa Jipe. Pale msitu umeisha na vichaka vya mlimani vimeanza. Kwangu mimi hapo ndipo safari inapolipa.

Kichwa kikiuma kidogo, pumzika na unywe maji. Kikizidi, au mtu akianza kutapika au kuyumba, shukeni pamoja na mwongozaji mara moja. Dawa ni kushuka, wala msimwache mtu nyuma akisubiri. Tochi moja kwa kila mtu, hata kama mnatarajia kuwa getini saa kumi na nusu.

Korosho nitazituma kwa basi Jumatano, kilo moja inawatosha wote. Nitumie jina na namba ya atakayepokea stendi ya Moshi.

Mama yako