Mkulima wa Kroonstad

Kroonstad, Afrika Kusini
Jumapili jioni

Mwalimu, ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Mama watoto hajambo? Sisi huku wazima, ila trela limelala siku ya tatu likisubiri mzigo, ndiyo maana leo nimeshika kalamu badala ya kukurushia sauti za simu za haraka haraka.

Ulisema watoto wa darasa lako walikuuliza Kaburu ni kabila gani, na mmoja akataka kujua kama linahusiana na kaburi. Nilicheka peke yangu kebini. Mimi utotoni niliamini kabisa kwamba ni mtu wa makaburini, maana kila redio ilipolitaja jina hilo, baba alisonya.

Sasa sikia. Alhamisi hozi ya rejeta ilipasuka kabla hatujafika mjini. Akasimama mzee mmoja wa Kizungu na pikapu yake, kaptura ya kaki, soksi zimepanda hadi magotini. Hakuuliza mengi. Alikata kipande cha bomba la kumwagilia, akakichomeka katikati ya hozi iliyokatika, akakaza huku na huku kwa waya wa fensi, akizungusha koleo taratibu kama anayefunga gunia. Maji hayakuvuja tena hata tone. Akafuta mikono akasema, "'n Boer maak 'n plan," yaani Boer hakosi la kufanya. Kisha akajigonga kifua: "Mimi ni Boer."

Mwalimu, nilishtuka. Boer ndiye Kaburu wetu! Neno ambalo kwetu unamwita bosi mkatili ukiwa umeshajiandaa kufukuzwa kazi, huyu anajiita nalo!

Wao hulitamka kama "buur", na kwa Kiholanzi ni mkulima tu, mtu wa shamba. Jan van Riebeeck alipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652, kampuni yake ya Uholanzi ilitaka mboga na nyama za kulisha meli ziendazo Asia, basi. Mwaka 1657 wafanyakazi wachache wakaachiwa, wakapewa ardhi walime, na ardhi yenyewe ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi. Baadaye wakachanganyika na Wajerumani na Wafaransa wa Kiprotestanti, lugha nayo ikageuka kuwa Kiafrikana. Waingereza walipoitwaa Rasi, wengi wakafunga mikokoteni kuanzia miaka ya 1830 wakaenda bara. Walikuwa na chuki zao na Mwingereza, mojawapo ikiwa kwamba alifuta utumwa. Hiyo usiwafiche watoto.

Mzee alitukaribisha kwake jioni. Akachoma boerewors, soseji ndefu iliyoviringwa kama kamba ya kisimani, na jina lenyewe ni soseji ya mkulima. Ina nguruwe ndani, nikamwachia utingo, naye hakuhitaji kubembelezwa. Mzee alisimulia vita vya 1899 hadi 1902. Bibi mzaa babu yake alifungwa katika kambi za Waingereza, ambamo wanawake na watoto wa Kiboer wapatao 26,000 walikufa. Nilimsikiliza kwa adabu. Weusi nao walikuwa na kambi zao na walikufa kwa maelfu, ila hao hakuwataja. Aliyejisalimisha kwa Mwingereza wakamwita "hensopper", yaani mnyosha mikono, na mzee alilitamka kana kwamba vita viliisha juzi.

Tulipokuwa tunaondoka, kijana Msotho anayemchungia ng'ombe alinong'ona na utingo kuhusu "Leburu". Nikasimama. Leburu mmoja, Maburu wengi! Ni boer yule yule aliyevishwa kanzu ya Kibantu, na wetu ni jirani yake kabisa. Kisha tazama, Mwingereza tumempa Waingereza, Mreno Wareno, lakini Kaburu ni Makaburu, kundi moja na majambazi na majangili. Najua utanisahihisha kwamba hata maaskofu na makarani wamo humo. Sawa, lakini sikio langu linasikia majambazi.

Na hatukulipata redioni. Baada ya vita wapo waliokataa bendera ya Mwingereza wakaja kwa Wajerumani, upande wa Meru na Arusha. Wengine walishuka Mombasa mwaka 1908 na kiongozi wao Jansen van Rensburg, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha mikokoteni ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Eldoret ilianzia Shamba Namba 64, wenyeji wakapaita Sisibo. Kwetu, mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu kuwapisha walowezi, na Kirilo Japhet akapeleka kesi hiyo Umoja wa Mataifa. Mkulima aliyekufukuza shambani kwako utamwitaje mkulima?

Halafu ndipo ikaja redio na "utawala wa Makaburu", yaani ule wa ubaguzi wa rangi huku Afrika Kusini, na sisi pale Morogoro tukawaona wakimbizi wake katika kambi ya Mazimbu. Shule yao ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, siku ile ile ya van Riebeeck. Huku mitaani mpaka leo polisi huitwa "boere", hata akiwa mweusi tii.

Mzee aliniuliza getini, "Kwenu mnatuitaje?" Utingo akageuka upesi akajifanya anakagua tairi. Mimi nikajibu, "Wakulima."

"Mkulima," akarudia, akalipenda. Asubuhi hii kanipigia simu kuulizia rejeta, kajitambulisha, "Hapa ni Mkulima."

Unakumbuka redio ya baba ilivyokuwa ikiitwa?

Nisalimie wote. Soseji usinidai.

Wako,
Dereva